Kabati la Meno

Nyumba ya kina Kibibi ilikuwa na kabati la meno sebuleni, na mgeni aliyeuliza ni la nini alikuwa amejitakia mwenyewe, kwa sababu Shangazi angemkalisha chini na chai ingempolea mkononi.

Lilikuwa kabati dogo la kioo, limepachikwa ukutani juu ya redio. Ndani yake mlikuwa na vibakuli vilivyotandikwa pamba, na juu ya kila pamba jino moja. La kwanza lilikuwa gego la marehemu Babu. La pili la Baba. La tatu la Baba Mdogo. Pembeni lilining'inia koleo la chuma lililoota kutu kwenye maungio. Kibakuli cha nne kilikuwa na pamba mpya, nyeupe, bila kitu, na hicho ndicho kilichomkosesha Kibibi usingizi wiki nzima.

Kibibi alikuwa mshona mapazia, mtoto wa pekee wa nyumba ile, na jina hilo alipewa kwa kuwa alianza kugombeza watu kabla hajaota meno. Jumamosi ile alasiri alikuwa amesimama ukumbini, nyuma ya pazia alilolishona kwa mikono yake na kuliachia upenyo makusudi. Kupitia upenyo huo alimwona mchumba wake ameketi mbele ya wazee wa nyumba, kwenye kiti kisicho na mto, magoti yamebanana, kikombe kimetulia juu ya goti. Alikuwa daktari wa meno. Wagonjwa walimwita Polepole, maana neno hilo ndilo alilowaambia kabla ya kugusa mdomo wa mtu yeyote. Wazee wake walikwishakuja, wakakaribishwa, wakakubaliwa kila kitu. Lilibaki jino.

"Marehemu baba yetu," Shangazi alikuwa akisimulia, mgongo umenyooka na ufunguo wa kabati umemlalia kifuani, "aling'olewa gego hili kwa koleo hili, kwenye kiti cha jikoni. Hakuchomwa sindano. Hakupewa dawa. Hakusema hata 'ah'! Watu walijazana dirishani kumtazama, wakaondoka wameinamisha vichwa. Tangu siku hiyo tukaheshimiwa mtaa mzima. Na akaacha neno: mwanamume wa nyumba hii, awe wa kuzaliwa awe wa kuoa, atoe jino moja. Asiyeweza kuvumilia jino, mke atamvumilia vipi?"

"Kweli kabisa, Dada," alisema Baba Mdogo, ambaye tangu atoe la kwake alikuwa akitafuna upande mmoja na kujisifu kwa upande wa pili.

Baba alikuwa muuza nyama, mtu mwenye mabega mapana na sauti ya kuita wateja hata walio ng'ambo ya barabara, lakini siku ile alikuwa kimya, shavu limeegemea kiganja. Mama alipita na sinia, akamtazama mumewe kwa jicho la pembeni, akarudi jikoni.

"Haya, wewe ni mtu wa meno," Shangazi alimwambia Polepole, akifungua kabati. "Yatazame, upate moyo."

Polepole aliweka kikombe chini, akapokea kibakuli cha kwanza kwa mikono miwili. Aliligeuza gego la Babu taratibu.

"Limeoza mpaka ndani," alisema. "Lazima lilimtesa sana mzee."

"Lilimtesa, na hakulia."

Akapokea la Baba. Akalisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akaligeuza mara moja, halafu tena. Kibibi alimwona amekunja uso kidogo, kisha akainua macho kumtazama Baba. Baba alikohoa. Feni ilikuwa ikizunguka kwa nguvu zake zote, lakini jasho lilimteremka Baba mpaka kwenye kola.

"Vipi hilo?" Shangazi aliuliza.

Polepole alilirudisha jino kwenye pamba kwa heshima, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Jino imara sana, Shangazi. Halina hata doa."

"Si nilikwambia! Ndugu yangu huyo!"

Basi kikaletwa kiti cha jikoni, likaletwa beseni, na Baba Mdogo akakunja mikono ya shati, maana ilikuwa zamu yake kushika koleo. Kibibi alisogea mpaka pua ikagusa pazia. Kwa upenyo ule ule macho yao yakakutana. Polepole alimtazama kwa upendo mwingi na kwa huzuni, na Kibibi akajua jibu kabla hajalisikia.

"Shangazi, samahani," alisema Polepole. "Sitang'olewa."

"Hutang'olewa leo?"

"Sitang'olewa kabisa."

"Unaogopa?"

"Ndiyo. Naogopa."

Shangazi alikuwa amejiandaa kwa majibu mengi, lakini hilo halikuwemo. Neno hilo lilikuwa halijawahi kutamkwa na mwanamume katika sebule ile. Alimtazama kijana kana kwamba amevua shati mbele ya watu.

"Umesemaje?"

"Nimesema naogopa maumivu. Nilipokuwa mdogo nilishikwa na watu wanne, huyu mguu, huyu mkono, nikang'olewa jino macho yangu wazi. Nililia mpaka sauti ikakauka. Siku ile niliapa kwamba nikikua nitakuwa mtu ambaye wagonjwa wanamwendea bila kushikwa. Ndiyo kazi ninayoifanya. Jino bovu nitalitoa saa yoyote nikiitwa. Jino zima silitoi, liwe langu au la mtu mwingine."

Baba Mdogo aliangua kicheko. "Daktari wa meno anaogopa kung'olewa jino! Mpishi asiyeonja chungu chake!"

Shangazi hakucheka. Alifunga kabati, akazungusha ufunguo.

"Basi hakuna harusi. Binti yetu hataolewa na mwoga."

Polepole alisimama. Akamshukuru Mama kwa chai, akaagana na kila mtu kwa cheo chake, akavaa viatu mlangoni. Kamba za viatu zilimshinda kufunga, akaondoka nazo zikiburuzika.

Kibibi hakungoja ruhusa ya mtu. Alitokea mlango wa jikoni, akamkuta kwenye kona ya ukuta, karibu na bomba ambapo jirani alikuwa akikinga maji.

"Simama hapo hapo!"

Polepole alisimama.

"Umenifedhehesha."

"Najua. Nisamehe."

"Sitaki msamaha, nataka urudi ndani! Jino moja tu! Unayo thelathini na mawili!"

"Thelathini na moja," alisema, akijaribu kutabasamu. "Wale wanne walinipunguzia."

"Usinichekeshe, nimekasirika." Na kweli alikuwa amekasirika, ingawa mdomo ulitaka kumsaliti. "Hebu nisikilize. Wewe dawa unazo, sindano unazo. Ungejidunga ganzi kabla hujatoka nyumbani, ukaketi pale ukanyamaza kama gogo, Baba Mdogo akavuta, yakaisha. Nani angejua?"

"Mimi ningejua. Na wewe ungejua."

"Ningekaa kimya!"

"Mpaka lini? Kila ukipita pale na sinia ya chai unaliona jino langu la uongo, Shangazi analisifia wageni, na mimi nimeketi hapo hapo jasho linanitoka?" Akanyamaza ghafla, kama mtu aliyeona amekwenda mbele kuliko alivyotaka. "Si raha, Kibibi. Mtu anaweza kuzeeka nalo vibaya."

Alilisema hilo kwa huruma, na Kibibi hakuelewa huruma ile ilikuwa ya nani.

"Wenzio wanapigana kwa ajili ya wachumba zao," alisema Kibibi. "Wewe umeshindwa kukaa kwenye kiti."

"Niombe mambo mengine. Ukiugua nitakesha. Mtoto akilia nitambeba mimi. Shangazi yako akizeeka nitamlisha kwa kijiko, hata akinitukana. Yote hayo nitakupa, na si kwa siku moja. Lakini jino zima nikikupa utalifanyia nini?"

Kibibi alilitafuta jibu, hakulipata, na mtu asiyepata jibu hupandisha sauti.

"Basi kaa na meno yako!"

Akageuka. Ndoo ya jirani ilikuwa imejaa zamani na maji yanamwagikia miguuni mwake, lakini jirani hakuwa na habari, masikio yote yalikuwa kwenye kona.

Jioni Kibibi alikaa kwenye cherehani, akashona pazia la mteja upande usio wake kutoka juu mpaka chini. Mama alikuja, akalitazama, akachukua wembe na kuanza kufumua mshono bila lawama.

"Unamlilia?"

"Simlilii mtu mwoga."

"Mh." Mama alivuta uzi. "Mwanangu, mimi nimeolewa humu miaka mingi. Nimeona wanaume wakubwa kwa wadogo wakimwogopa shangazi yako. Leo ndiyo mara ya kwanza nimemwona mmoja akimtazama usoni na kumwambia 'sitaki'. Kama huyo ni mwoga, basi mimi sijui jasiri anafananaje."

Mguu wa Kibibi ulikuwa umeacha kukanyaga cherehani.

"Nilimwambia maneno mabaya, Mama."

"Maneno yanafumuliwa kama mshono huu. Ukiwahi." Mama alitabasamu kidogo. "Na baba yako mtazame. Siku ya tatu hii anakunywa chai kwa upande wa kushoto na kusema si kitu."

Asubuhi yake, Jumapili, watu wakiwa bado majumbani, Baba aligonga chumba cha Kibibi. Shavu lake la kulia lilikuwa limevimba, jicho la upande huo limebaki mstari.

"Nisindikize dukani nikanunue kamba ya kufungia nyama."

"Dukani leo Jumapili, Baba?"

"Nisindikize, mwanangu. Usiulize."

Hawakwenda dukani. Baba alipita vichochoro, kichwa amekifunika taulo, na kila alipokutana na mteja wake alijifanya anafuta jasho. Mwisho wakasimama mbele ya mlango wa buluu ulioandikwa saa za kazi, na Jumapili haikuwemo. Kibibi alisikia damu inampanda usoni. Angetaka kutengeneza nywele, lakini Baba alikwishagonga.

Polepole alifungua akiwa na aproni, mikono inanuka sabuni, nyuma yake vifaa vimeanikwa juu ya kitambaa cheupe. Alimwona Kibibi kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, na Kibibi, Mungu amsamehe, alifurahi kuyaona hivyo. Kisha akaliona shavu.

"Shikamoo, Mzee. Ingia haraka. Hili limeanza lini?"

"Marahaba. Limeanza majuzi. Si kubwa."

"Kaa hapa. Kibibi, msaidie kuvua taulo. Polepole, Mzee. Fungua mdomo. Polepole."

Alitazama kwa taa ndogo, akagusa fizi kwa ncha ya kidole tu, na Baba akaruka nusu ya kiti.

"Limekufa hili, na usaha umejaa chini. Lazima litoke leo. Nitakuchoma sindano, ungoje kidogo, hutasikia kitu."

"Bila sindano," Baba alisema.

"Mzee..."

"Mimi ni mwanamume wa nyumba ile! Bila sindano!"

Polepole hakubishana. Alivuta kigoda akaketi, uso wake ukawa usawa mmoja na wa Baba. Akasubiri. Baba alikuwa ameshika mikono ya kiti mpaka vidole vimekuwa vyeupe, na ghafla yale mabega mapana yakalegea.

"Wewe uliliona," Baba alisema taratibu.

"Niliona nini, Mzee?"

"Usinichezee. Wewe daktari wa meno, mimi muuza nyama. Jino la kondoo sote wawili tunalijua."

Taulo lilimdondoka Kibibi mikononi.

"La kondoo, Baba?"

"Nilikuwa kijana," Baba alisema, akitazama dari. "Nilimpenda mama yako hata kula siwezi. Nikaliona koleo lile, miguu ikaniisha nguvu. Nikasema nitakwenda kung'olea dukani, nisiwachafulie sebule. Nikajifungia na kichwa cha kondoo. Nikatoka na jino, kitambaa kimelowa damu ya kondoo. Wakanibeba mabegani!" Akageuza kichwa kumtazama Polepole. "Jana ulilishika mkononi. Ungefungua mdomo tu, dada yangu angezimia, na leo ungekuwa unapanga harusi. Kwa nini ulinyamaza?"

"Nilikuja kuomba mke, Mzee. Sikuja kumvua mtu nguo mbele ya familia yake."

"Hata mimi hukuniambia," Kibibi alinong'ona. "Pale bombani. Nilikutukana, na neno moja lingetosha kuninyamazisha."

"Halikuwa neno langu."

Kibibi aliketi kwenye benchi la wagonjwa. Alikuwa amekulia katika nyumba ya ushujaa, amesimuliwa ushujaa asubuhi na jioni, na hakuwahi kuambiwa kwamba unaweza kuja na kamba za viatu zinaburuzika, ukakubali kuitwa mwoga ili mzee wa watu alale salama. Alimpenda kijana yule hapo alipokuwa ameketi mpaka kifua kikamuuma.

"Mzee," Polepole alisema, "unaogopa?"

Baba alifumba macho.

"Naogopa. Naogopa tangu ujana wangu."

"Mimi pia. Basi tusaidiane. Kibibi, mshike Baba mkono."

Sindano ilipoingia Baba alilia. Hakulia kwa sauti. Machozi yalimteremka tu mpaka masikioni, na Kibibi akayafuta kwa taulo. Walingoja. Kisha Polepole akasema, "Polepole, Mzee, polepole," akainama, akainuka, na jino lilikuwa kwenye sahani.

"Anza basi," Baba alisema.

"Tumemaliza."

"Tumemaliza nini?"

Polepole akamwonyesha. Baba alilitazama jino, akamtazama kijana, akalitazama jino tena, halafu akaanza kucheka kwa nusu ya mdomo, nusu nyingine ikiwa imelala.

"Miaka yote hii!" alisema. "Miaka yote hii nakimbia *hiki*?" Akateremka kwenye kiti, akavaa viatu. "Vua aproni, twende nyumbani."

"Mzee, unatakiwa upumzike."

"Twende sasa hivi, kabla ganzi haijaisha na ujasiri haujaisha nayo."

Njiani Baba alitangulia, taulo amelitupia begani, shavu wazi, akiwasalimia wateja wote kwa mdomo uliopinda. Nyuma yake Kibibi alitembea karibu na Polepole bila kumgusa.

"Yale maneno ya jana," alisema, "nayafumua."

"Yote?"

"Yote. Isipokuwa lile la kukaa na meno yako. Hilo libaki. Nayataka yote thelathini na moja."

Polepole alicheka, na akakosea hatua kwenye mtaro.

Shangazi alikuwa sebuleni na Baba Mdogo wakinywa chai ya asubuhi. Alipomwona Polepole nyuma ya kaka yake alishika ufunguo kifuani kama mtu anayeona mwizi.

"Huyu amerudi kufanya nini?"

"Nimemleta mimi," Baba alisema, na nusu ya maneno ikatoka na mate. "Dada, fungua kabati."

"Umefanya nini mdomo?"

"Fungua, Dada yangu. Tafadhali."

Mama alitokea jikoni akifuta mikono, akaegemea mlango. Shangazi alifungua. Baba alichukua kibakuli chake, akalitoa jino lililokuwamo, akaliweka juu ya meza katikati ya vikombe.

"Hili ni la kondoo," alisema. Kisha akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua, akaliweka jino jipya juu ya pamba. "Hili ni langu. Limetoka leo, kwa sindano ya ganzi, na nililia. Binti yangu ni shahidi."

Wa kwanza kupata sauti alikuwa Baba Mdogo.

"Kaka!" Alisimama, akafungua mdomo na kuonyesha pengo kwa kidole. "Mimi nilitoa la kweli! Gego zima! Zima kabisa, halina ubaya! Nililitoa kwa sababu wewe ulitoa!"

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Nikusamehe? Sijatafuna mfupa upande huu tangu nioe!"

Mama alificha uso kwa aproni, mabega yanamtikisika. Baba alimgeukia. "Ulikuwa unajua?"

"Baba Kibibi," Mama alisema kwa shida, "usiku wa harusi ulicheka mpaka nikayahesabu meno yako. Yote yalikuwepo."

Kicheko kikampata hata Kibibi, kikampata Baba, na Baba Mdogo akakasirika zaidi, halafu naye kikamponyoka. Ni Shangazi peke yake aliyekuwa amenyooka vile vile, amelitazama gego la Babu. Wakaanza kunyamaza mmoja mmoja, maana walijua sasa kimbunga kinakuja.

"Mimi ndiye niliyeshika beseni," Shangazi alisema.

Alilichukua gego kwenye pamba, akalishika kiganjani.

"Siku ya Babu yenu. Nilikuwa binti mdogo, nimeshika beseni pale jikoni. Wale watu wa dirishani hawakuja kumpongeza. Walikuwa vibarua wenzake. Kesho yake machimbo ya mawe yalikuwa yanachukua watu, na msimamizi alikuwa hachukui mgonjwa. Walikuja kuona kama atalia, wakamwambie msimamizi." Alilirudisha gego kwenye pamba. "Hakulia. Walipoondoka alinichukua nyuma ya nyumba, akaweka kichwa kwenye mapaja yangu, akalia mpaka gauni langu likalowa. Akaniambia, 'Mwanangu, usimwambie mtu. Nikijua mnakula kesho, kwangu yatosha.' Sikumwambia mtu. Nikaona nimtunzie heshima yake, na nikaitunza mpaka nikasahau ilikuwa ya nini."

Polepole alisema kwa sauti ya chini, "Shangazi, mzee hakukataa ganzi. Ganzi ilikuwa haijafika huku."

"Ilikuwa haijafika," Shangazi alikubali. Akamtazama kijana kwa muda mrefu, kuanzia uso mpaka kwenye viatu, kamba zikiwa zimefungwa vizuri leo. "Ungempa?"

"Ningempa bure, na ningemshika mkono."

Shangazi alikitoa kibakuli cha nne, kile kitupu. Shangazi alikipuliza vumbi ambalo halikuwamo, akaking'ang'ania kidogo, kisha akakisogeza upande wa kwake wa meza. Halafu, kwa aibu ambayo hakuna aliyewahi kuiona usoni pake, akasogeza mdomo karibu na sikio la daktari. Lakini Shangazi hakuzaliwa na sauti ya kunong'ona, na nyumba nzima ikasikia.

"Nina gego la nyuma huku. Linanisumbua tangu mwaka jana. Hiyo sindano... inauma?"

"Inauma kidogo, Shangazi. Kidogo tu."

"Usinidanganye, mkwe."

"Sikudanganyi."

Neno lile, mkwe, lilikuwa limempita Polepole, lakini Kibibi alilidaka. Alitoka mlangoni kwa Mama, akaenda kusimama kando ya Polepole mbele ya watu wote, na mkono wake ukautafuta wa kijana.

"Basi kesho asubuhi," Shangazi alisema, akifunga kabati na kumkabidhi Kibibi ufunguo. "Na harusi msiipange mpaka fizi yangu ipone. Sitakunywa supu mimi siku ambayo wenzangu wanatafuna nyama."